Ndara Mbele ya Friji

Nyumbani kwa khalati yangu, dadake mama, mtaa wa Langoni hapa Lamu, palikuwa na jozi ya ndara za mpira zisizokwenda popote. Zilikaa mbele ya friji usiku na mchana. Ukitaka maji baridi unatia miguu, unafungua, unatoa chupa, kisha unazivua na kuziacha palepale kwa atakayekuja nyuma yako. Mgeni aliambiwa mapema, "Vaa ndara, friji hilo lang'ata." Wakati wa masika, sakafu ikitota, liling'ata zaidi. Sisi watoto tulikua tukilijua hilo kama tulivyojua ni ngazi ipi imelegea ya kupandia darini, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilipouliza nilikuwa na miaka 26, na nilikuwa na miezi mitatu tu katika kazi ya stima, yaani umeme.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiendesha boti, nikivusha abiria wa ndege kati ya Manda na gati ya Lamu. Kusi likikaza na wageni wakipungua, nilichopata hakikutosha hata petroli. Ami yangu, mdogo wake baba, ni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Alikuwa amepata kazi ya nyumba mpya Kashmiri, mtaa mwingine wa Lamu: vyumba vitatu, sebule, jiko, vyoo viwili na dari ya wazi juu. Akaniambia, "Ndoo," yaani njoo, "ubebe vyombo. Moyo wako ukipenda, utajifunza. Usipopenda, bahari haihami."

Mawe ya nyumba ile yalitoka Maweni, kule Manda, yakavushwa kwa jahazi na kupandishwa kwa punda. Kuta zilikuwa zimesimama, plasta bado. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchonga mifereji ya kulaza paipu za stima. Jiwe la matumbawe halitabiriki. Hapa ni laini kama chaki, hapo patasi inaruka, mbele kidogo unakuta uwazi unaoingia ngumi. Siku ya pili nikaona njia ya mkato: kutoka swichi ya mlangoni hadi soketi ya karibu na kitanda nilichonga mshazari, nikaokoa kama mita moja ya paipu na nusu siku ya jasho. Ami akaja, akautazama mfereji wangu kwa muda, akaitisha saruji. Akaniambia niuzibe.

"Paipu hupanda wima au hulala sawasawa," alisema. "Mwenye nyumba akishahamia, kuna siku atataka kupiga msumari hapa. Ataitazama swichi, atajua waya uko juu yake, au chini yake, au ubavuni mwake. Huu mshazari wako nani ataujua?"

Baadaye nilikuta neno hilohilo kwenye kanuni. Waya uliozikwa ukutani kwa kina kisichofika milimita 50, bila ya kinga ya chuma, upite wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi yake, ama upite ndani ya milimita 150 kutoka dari au kutoka pembe ya kuta mbili. Kanuni hizo asili yake ni Uingereza. Mafundi wakongwe wanaziita za IEE, chama cha wahandisi wa umeme cha huko, na tangu 1992 zina namba, BS 7671. Toleo la kwanza kabisa ni la 1882, na lilihusu kuzuia moto unaoletwa na taa za umeme. Nilikaa na mwaka ule kichwani siku nyingi. Taa zenyewe zilikuwa bado ngeni duniani, na tayari watu walikuwa wameona kwamba zinaweza kuchoma nyumba. Mtu aliyekulia penye makuti na boriti hahitaji kuelezwa zaidi.

Katikati ya kazi ile tulikwenda Mkomani, ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, siku nne kutengeneza nyumba ya zamani. Huko hakuchongwi kitu. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na hata usingekuwamo, ni nani mwenye roho ya kutia patasi kwenye plasta ya chokaa iliyonakshiwa, baina ya zidaka? Tulipitisha nyaya juu ya ukuta, kando ya boriti, ndani ya vijia vya plastiki. Lakini kilichonifunza ni nyaya tulizozitoa. Mpira wake ulikuwa umekauka, ukiukunja unamwagika kama maganda ya njugu. Zilitiwa enzi za jenereta za dizeli, kabla ya laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen kufika kwetu. Wakati huo nyumba ilikuwa na taa nne, redio, pengine na feni. Sasa nyaya zilezile zilikuwa zinabeba friji mbili za samaki, pampu ya maji, pasi na birika la umeme. Shingo ya soketi moja ilikuwa imeungua ikawa nyeusi, na mwenye nyumba alikuwa ameihamishia kabati mbele yake.

Pale ndipo Ami aliponieleza jambo ambalo mafundi wengi niliowakuta baadaye hawalisemi hivyo. "Breka hailindi friji," alisema. "Breka yalinda waya." Waya una kiasi chake cha kubeba kabla haujapata joto la kuharibu ganda lake. Breka iko pale kukata kabla kiasi hicho hakijapitwa. Ukitia breka kubwa kwenye waya mwembamba, umeshaugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na fyuzi hiyo imezikwa ukutani.

Kule Kashmiri hesabu hiyo ilitugombanisha na mwenye nyumba. Taa zilikwenda kwa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi kwa 2.5, hapo hakuna aliyebisha. Alibisha kwenye shawa ya maji moto. Ilikuwa ya kilowati 5.5. Gawa wati 5,500 kwa volti 240, unapata karibu ampea 23, zinazopita mfululizo muda wote mtu anapooga. Ami alitaka waya wa 6, breka yake peke yake, na swichi ya kukata laivu na nyutro zote mbili, yaani waya wa kuleta stima na wa kuirudisha, iwekwe nje ya mlango wa choo. Mwenye nyumba alikuwa na kipande cha 2.5 kilichobaki, akauliza kwa nini kisitumike, maana "nacho pia ni shaba". Nilimwelewa. Roli ya waya wa 6 ni pesa, na kila kitu Lamu hubeba nauli ya kufika hapa. Ami hakushindana naye. Alimwambia tu kwamba karatasi ya mwisho itatiwa sahihi na yeye, na kwa 2.5 hatatia. Waya wa 6 ukaletwa.

Sasa nirudi kwenye nyaya tatu, maana humo ndimo ndara za khalati zilimo.

Siku tuliyoanza kuvuta nyaya ndani ya paipu, Ami alinishikisha tatu mkononi. "Hii ni laivu, yaleta. Hii ni nyutro, yarudisha. Hizi mbili zafanya kazi." Kisha akaugusa ule wa kijani na manjano, unaokwenda ardhini. "Hii athi. Hii yangoja."

Nilicheka moyoni, nikaona ni usemi wa mzee. Lakini baada ya wiki chache nilifahamu kwamba ndilo somo zima. Ukiwa na laivu na nyutro, taa huwaka, feni huzunguka, friji hugandisha. Athi ukiikata, hakuna kinachozima. Nyumba inaweza kukaa miaka ishirini bila athi na wenyewe wakaisifu kwamba stima yake haina matatizo. Kwa hiyo jicho halikusaidii. Na mtu anayejifunza kazi hii huanza kwa kuamini jicho: bonyeza, yawaka, tumemaliza, twende tukale.

Mimi niliamini hivyo hadi chumba cha pili. Mwenye nyumba alinunua roli za waya mahali pawili, nyingine Lamu na nyingine Mombasa, na rangi hazikulingana. Za kwetu zilikuwa nyekundu na nyeusi, rangi za zamani: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Za Mombasa zilikuwa kahawia na buluu, rangi ambazo Uingereza ilizichukua 2004 na kufikia 2006 ikaacha kabisa zile za kale kwa kazi mpya. Kahawia laivu, buluu nyutro. Hadi hapo ni jambo la kukariri. Hatari iko kwenye fezi tatu, yaani stima inayokuja na laivu tatu: katika rangi mpya nyeusi ni mojawapo ya laivu, na katika rangi za zamani buluu ilikuwa laivu pia. Yaani nyeusi ya jana ni salama kiasi, ya leo inaua, na buluu kinyume chake. Anayekariri rangi bila kujua mfumo upi ulitumika nyumba ile anajitia hatarini. Ami alikataa tuchanganye ndani ya nyumba moja, lakini roli za kwetu zikaisha kabla ya kazi, na chumba kile tukalazimika kuunganisha kahawia kwenye nyekundu ndani ya boksi.

Nikachanganya. Swichi nikaitia kwenye nyutro badala ya laivu.

Taa iliwaka. Nikabonyeza, ikazima. Nikabonyeza tena, ikawaka. Nikamwita Ami kwa furaha. Akaniambia, "Zima." Nikazima. Akapanda juu ya kigoda, akafungua taa kutoka kwenye holda, akatia testa ndani. Kitaa cha testa kikawaka.

Taa imezimwa kwa swichi, na holda ina volti 240. Kwa kuwa swichi ilikuwa inakata njia ya kurudi, ile ya kuleta ilibaki wazi moja kwa moja hadi kwenye kidole cha atakayebadilisha taa. Nikamfikiria mama mwenye nyumba ile, siku taa imeungua, amesimama juu ya kigoda hichohicho, amezima swichi kama alivyofundishwa, na mkono umelowa. Ami hakunigombeza. Aliniachia chumba kile peke yangu nikifungue chote nikifunge upya, na tangu siku hiyo sijaamini taa inayowaka.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuwa na hata testa ya kuliona. Soketi za nyumba ile tulizifunga kwa duara: waya wa 2.5 unatoka kwenye breka ya ampea 32, unapita soketi baada ya soketi, kisha unarudi kwenye breka ileile. Mzigo hugawana pande mbili, ndiyo maana 2.5 inaruhusiwa chini ya breka kubwa hivyo. Lakini duara likikatika mahali, kila soketi bado inafanya kazi, maana ina upande mwingine wa kuilisha. Kinachobadilika ni kwamba mzigo wote sasa unaweza kupita upande mmoja, na waya mmoja wa 2.5 uliofungiwa ndani ya paipu ukutani haustahili ampea 32. Unapata joto pole pole. Breka haioni neno.

Ami alichukua mita, stima ikiwa imekatwa, akashika ncha ya laivu inayokwenda na ncha ya laivu inayorudi. Zilipaswa kuonana. Hazikuonana. Nyutro zikaonana, athi zikaonana, laivu hapana. Nilifungua soketi kumi na moja, moja baada ya moja, hadi adhana ya alasiri, nikaipata sebuleni: ncha ya shaba ilikuwa imepita kando ya skrubu, imekaa tu pale ndani ya soketi, haijabanwa. Kwa macho ilionekana imeingia.

Siku hizi kabla ya plasta napiga picha kila ukuta, nimelaza futi ya kupimia ndani ya picha. Fundi wa zamani aliweka ramani kichwani. Mimi kichwa changu sikiamini kiasi hicho, na mwenye nyumba anastahili kubaki nayo hata nikifa.

Halafu ikaja athi yenyewe, ile ya chini ya ardhi. Kutoka kwenye nguzo nyumba ile ililetewa nyaya mbili tu, laivu na nyutro. Athi ni yako mwenyewe kuitafuta: unapigilia ardhini fimbo ya chuma iliyovishwa shaba, unaunganisha nayo nyaya zote za kijani na manjano za nyumba. Mahali penye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu ni kazi ya nusu saa. Kashmiri ni mchanga, na chini yake mawe. Tuliigonga fimbo ya mita 1.2 karibu na ukuta wa nyuma, ikazama kama kisu kwenye halua, nikafurahi. Ami akaleta kipimo chake, chenye misumari miwili ya kuchomeka mbali kwenye mchanga. Kilisoma ohmu 480, ndiyo kiasi ardhi inavyoizuia stima kupita.

Nikamuuliza 480 ni nyingi au kidogo. Akanipa kalamu.

Tuseme laivu ndani ya friji imechubuka na kugusa bodi, yaani mwili wa chuma wa friji. Stima sasa inataka kukimbilia ardhini kupitia athi. Volti 240 gawa kwa ohmu 480, ni nusu ampea. Breka ya soketi ni ya ampea 32. Nusu ampea kwake ni kama taa moja iliyowashwa, haina sababu ya kukata. Kwa hiyo bodi ya friji inabaki na stima, leo, kesho, mwaka mzima, na friji linagandisha kama kawaida. Atakayeligusa akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, yeye ndiye atakuwa athi. Nilirudia hesabu kwa ohmu 10, nikijua kwamba kwenye mchanga ule 10 ni ndoto. Zikatoka ampea 24. Hata hizo breka ya 32 haizikati.

Niliacha kalamu nikasema, "Ami, friji la khalati." Akasema, "Ndilo."

Dawa yake ni RCD, ambayo wengine wanaiita breka ya athi. Hii haihesabu mzigo. Inalinganisha kinachokwenda kwa laivu na kinachorudi kwa nyutro. Vikipishana kwa miliampea 30, yaani ampea 0.03, inajua kwamba kuna stima inayotorokea kwingine, pengine kwenye mwili wa mtu, na inakata chini ya thuluthi moja ya sekunde. Kwa RCD ya namna hiyo hata athi ya ohmu 480 ingefaa kwa hesabu, kwa sababu kanuni inataka volti za bodi zisipite 50, na 50 ukiigawa kwa 0.03 unapata zaidi ya ohmu 1,600. Lakini kanuni hizohizo zinaonya kwamba athi ikipita ohmu 200 huenda isitulie. Na Lamu mchanga wa Septemba si mchanga wa Mei. Ukikauka, kipimo kinapanda. Kwa hiyo tuliunganisha fimbo ya pili juu ya ya kwanza ili ziende chini zaidi, hadi penye unyevu, kisha tukapigilia nyingine mbali nayo, masafa yasiyopungua urefu wa zile zilizozama. Ikashuka hadi 70 na kitu. Ami akaijengea kishimo chenye kifuniko ili kiungo kionekane na kikazwe, maana hewa ya bahari hula kila skrubu. Maboksi ya chuma hatukuyatumia kabisa kwa sababu hiyohiyo. Nimeyaona yakifumuka kutu hadi plasta ikapasuka kwa nje.

Kabla ya kuomba stima tulipima nyumba nzima kwa mega, kile kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya kuona kama ganda lake linavuja. Kanuni inataka isipungue megaohmu 1. Sisi tulipata zaidi ya 200, wakati huo kaskazi, jua kali. Kazi ikasimama miezi kwa sababu ya pesa za mwenye nyumba, mvua za masika zikanyesha, tukarudi. Nikasema hakuna haja ya kupima tena. Ami akapima. Laini ya soketi za juu ikasoma 0.3. Tukafuata paipu hadi dari ya wazi: mdomo wake niliuacha ukitazama mbinguni, nikingoja kuja kufunga taa ya nje. Masika yote yalikuwa yameingia humo, maji yameteremka ndani ya paipu na kutulia kwenye soketi ya chumbani. Tulivuta nyaya zote nje, tukakausha paipu, na mdomo nikaukunja ukatazama chini kama shingo ya korongo. Sasa hata kazi iwe ya siku mbili, paipu ya nje siiachi wazi usiku mmoja.

Karatasi ya kukamilisha kazi ilitiwa sahihi na Ami, si mimi. Bila karatasi ya fundi mwenye leseni Kenya Power haiungi nyumba mpya, na chini ya Sheria ya Kawi ya 2019 EPRA ndiyo inayotoa leseni hizo kwa madaraja, kuanzia C-2 chini hadi A-1 juu. Watu wengi huiona karatasi ile kama ushuru. Nimesikia hata za kununuliwa, fundi akitia sahihi nyumba ambayo hajaikanyaga. Hilo linaniuma sana, kwa sababu kila namba iliyo kwenye karatasi ile ni kitu ambacho mwenye nyumba hawezi kukiona kwa macho. Ukiandika megaohmu 200 hujapima, umemwambia mama wa watu avue ndara.

Ijumaa moja baada ya sala nikaenda kwa khalati na vyombo vyangu. Kijana mwenzangu wa kazi alifuatana nami. Nikakata stima, nikafungua soketi ya friji. Laivu ipo, nyutro ipo, na mahali pa athi skrubu ni mpya kama ilivyotoka dukani, haijapata kuguswa. Waya wa athi wenyewe haukuwamo ndani ya paipu. Aliyefunga nyumba ile alivuta nyaya mbili, taa zikawaka, akaenda zake.

Mwenzangu akasema kuna njia rahisi, amewaona wengine wakiifanya: kipande kifupi cha waya kutoka nyutro hadi kwenye skrubu ya athi. Soketi ikipimwa itasema ina athi. Nilikuwa nimeshafunzwa jibu lake. Siku nyutro ikikatika, kwenye nguzo au ndani ya boksi, friji litatafuta njia ya kurudi na litaipata kupitia kile kipande, na bodi yote itakuwa laivu, tena bila ya kitu chochote kuharibika ndani ya friji. Ni hatari kubwa kuliko ile tuliyoikuta. Tulivuta waya mpya wa athi hadi nje, tukapigilia fimbo karibu na bomba la kisima penye unyevu, Ami akaja kupima na kutia RCD.

Tulipowasha, RCD ikakata. Tukawasha tena, ikakata. Khalati alikuwa amesimama mlangoni. "Friji langu lilikuwa lafanya kazi hadi mlipokuja," alisema. Alikuwa na nguru nzima ndani na tambi za arusi ya jirani. Nilijaribu kumweleza kwamba friji lilikuwa linavuja stima siku zote na kwamba sasa ndiyo mara ya kwanza kuna kitu kinachosema. Hakuridhika, na sikumlaumu. Samaki wakagawiwa majirani, na kwa siku nane khalati alinijibu salamu tu. Ami alitaka nitoe RCD hadi friji litengenezwe, ili mzee apate maji baridi? Hapana, hata hakulitaja. Fundi wa friji akaja, akakuta waya wa nyuma ya mashine umesuguana na chuma kilichooza kwa kutu hadi shaba ikabaki uchi. Akaubadilisha. RCD ikakaa.

Ndara hakuziondoa. Alizivaa miezi mingine miwili au mitatu, akisema miguu yake imezoea. Nilikuwa nimemwonyesha kile kitufe kidogo cha RCD, chenye herufi T, kwamba kinabonyezwa ili kujaribu kama bado kinakata, na kwamba kwetu kwenye chumvi ni afadhali kijaribiwe mara nyingi kuliko kisahauliwe. Tukakubaliana kila mwezi mwandamo. Sasa ni yeye anayenikumbusha. Mwezi ukionekana, hata kabla hajanipa mkono, husema, "Ndoo ubonyeze." Nabonyeza, nyumba inaingia giza, friji linanyamaza, na khalati anasema, "Haya, washa."